Nahamia Ludewa na watoto: takwimu za shule nizisomeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Dar es Salaam. Nimepata uhamisho kwenda Halmashauri ya Wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe, na nimeambiwa naweza kupangiwa kituo kimoja kati ya viwili: kimoja kiko milimani, kingine mwambao wa Ziwa Nyasa. Nina watoto wawili, wa darasa la tatu na wa darasa la sita, wote wanasoma shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza. Huko watasoma shule ya serikali. Nimefungua matokeo ya darasa la saba nikaona shule ya upande mmoja ina ufaulu wa asilimia 100, ya upande wa pili 62. Hilo linatosha kuamua niombe kituo kipi?

JIBU: Marahaba, mama. Halitoshi. Hata ungeniletea asilimia za miaka kumi ningekuuliza: asilimia ya kina nani? Ufaulu unaouona pale ni wa watoto waliofika chumba cha mtihani siku ile ya Septemba. Walioanza nao wakapotelea njiani hawamo. Mzazi anayehamia kijijini ahesabu vichwa kwanza, alama zifuate. Na vichwa hivyo unaweza kuvihesabu ukiwa hapo hapo Dar na simu yako, maana Baraza la Mitihani, yaani NECTA, huanika matokeo ya kila shule hadharani, na wazazi wengi huishia kusoma mstari wa kwanza tu.

Rudi kwenye ile shule ya asilimia 100. Juu kabisa pameandikwa idadi ya waliofanya mtihani. Ni wangapi? Vijiji vya Ludewa vimetawanyika, vingine kwenye miteremko ya milima ya Livingstone, vingine ziwani kabisa, na usishangae kukuta shule yenye watahiniwa 18. Shule ya namna hiyo wakianguka wawili, ufaulu ni 89. Mwaka unaofuata wakianguka watano, ni 72, na mwalimu mkuu anaitwa wilayani kujieleza, wakati walimu ni wale wale na vitabu ni vile vile. NECTA wenyewe walilijua hili: kurasa za miaka ya nyuma za darasa la saba ziligawa shule makundi mawili, zenye watahiniwa chini ya 40 na zenye 40 au zaidi, ili ndogo zisishindanishwe na kubwa. Siku hizi hata kutangaza shule kumi bora kumeachwa, tangu matokeo ya kidato cha nne ya 2022 yalipotoka Januari 2023. Mimi sikuulilia uamuzi ule. Orodha ile ilikuwa tangazo la bure la shule binafsi. Mtu anayehamia Lupingu au Mlangali haikumsaidia kitu.

Kwa hiyo usisome mwaka mmoja. Chukua mitano, jumlisha waliofanya wote, jumlisha waliofaulu wote, ndipo utafute asilimia. Hiyo ni kazi ya nusu saa, na tayari itakuwa imekuondolea shule zilizopata bahati mwaka mmoja na zilizopata balaa mwaka mmoja.

Kisha fanya hesabu ambayo karibu hakuna mzazi anayeifanya. Darasa la nne nao wana Upimaji wa Kitaifa, na matokeo yake huchapishwa kwa shule vile vile. Watoto waliopimwa darasa la nne mwaka 2022 ndio waliofanya mtihani wa darasa la saba 2025. Fungua kurasa zote mbili za shule moja. Tuseme shule ya kwanza ilikuwa na watoto 41 darasa la nne, na miaka mitatu baadaye darasa la saba walifanya 27, wakafaulu 24. Bango la shule litasema ufaulu asilimia 89. Lakini katika wale 41 waliotoka darasa la nne, waliofika na kufaulu hawafiki asilimia 60. Shule ya pili ilikuwa na 44, wakafanya 42, wakafaulu 31. Ufaulu wake ni 74 tu, na kwenye kikao cha wadau wa elimu itasemwa vibaya. Mimi mtoto wangu ningempeleka ya pili bila kufikiri mara mbili.

Pengo lile si lote utoro. Wapo waliohama na wazazi, na wapo waliokariri darasa la nne wakaangukia kundi linalofuata. Ndiyo maana linganisha makundi mawili au matatu, 2020 na 2023, 2021 na 2024, na kuendelea. Kama kila mara theluthi inayeyuka, hapo pana jambo, na jedwali litakusaidia kulihisi kwa sababu limetenga wasichana na wavulana. Wakipungua wasichana zaidi, kumbuka kwamba kwa miaka mingi mabinti wa Iringa na Njombe wametolewa vijijini kwenda kufanya kazi za ndani mijini. Pengine nyumba za jirani zako hapo Dar zinao. Wakipungua wavulana, upande wa ziwa uliza habari za uvuvi, milimani uliza viazi na mbao. Tazama pia tofauti ya waliosajiliwa na waliofanya. Mtoto aliyesajiliwa kisha asionekane siku ya mtihani ni mtoto ambaye shule ilimjua hadi dakika ya mwisho ikashindwa kumrudisha.

Sasa alama zenyewe. Mtihani wa darasa la saba una masomo sita yenye alama 50 kila moja, jumla 300. Daraja C linaanzia alama 121, na A hadi C ndiyo inayoitwa kufaulu. Kwa hiyo wastani wa shule, ule ulioandikwa kwa desimali nyingi juu ya ukurasa, una maana kuliko asilimia. Shule yenye ufaulu wa 85 na wastani wa 132 imejaa watoto walioshika ukingo wa C kwa vidole. Mtihani wa Hisabati ukija mgumu kidogo mwaka huo, nusu ya darasa inadondoka. Shule yenye ufaulu huo huo na wastani wa 175 ni habari nyingine.

Shuka chini zaidi, kwenye mistari ya watahiniwa. Kila mtoto ana mstari wake wa madaraja: Kiswahili B, Kiingereza D, Maarifa C, Hisabati E, Sayansi C, Uraia C, na wastani C. Soma mistari kumi na tano hivi kwa macho tu. Utakachokiona shule nyingi za kijijini ni Kiswahili kuzuri, Uraia na Maarifa ya Jamii kunakoridhisha, halafu Kiingereza na Hisabati vinaelea kwenye D na E kwa darasa zima. Mtoto wa mstari ule amefaulu na atakwenda kidato cha kwanza, ambako Fizikia, Jiografia na mengine karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza alichopata D. Kwa hiyo shule mbili zikikaribiana, angalia safu ya Kiingereza. Shule ya kijijini ambayo safu hiyo ina C na B nyingi mwaka baada ya mwaka ina mwalimu mmoja mahali fulani anayefanya kazi kubwa, na ni vizuri umjue mapema.

Usiihukumu wilaya kwa wastani wake. Wastani wa halmashauri unachanganya shule za serikali na za binafsi, na shule mbili tatu za masista zinaweza kuipandisha bila watoto wa kijiji kuguswa.

Kuhusu walimu, TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, hutoa takwimu za elimu kila mwaka, na majedwali mengine yanashuka hadi ngazi ya shule: wanafunzi, walimu, madarasa, matundu ya vyoo. Yasome kwa jicho la shaka kidogo. Hukusanywa mara moja kwa mwaka, na mwalimu aliyehesabiwa anaweza kuwa ameshamfuata mwenzi wake Morogoro. Kubwa zaidi ni ule uwiano wa mwalimu kwa wanafunzi. Kiwango cha shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Ukikuta shule ina 1 kwa 30 utafurahi. Sasa piga hesabu: watoto 120, walimu wanne. Uwiano ni 1 kwa 30, mzuri mno. Lakini kuna darasa la awali na madarasa saba. Walimu wanne, madarasa manane. Mmoja ni mwalimu mkuu, yuko wilayani kwenye kikao, mwingine yuko zamu, mwingine anauguza. Darasa la pili linaambiwa likae kimya linakili ubaoni. Kwa shule ndogo za Ludewa uwiano huo hauna kazi. Uliza walimu wangapi kwa madarasa mangapi, basi. Wakiwa sita au zaidi, shule ndogo inaweza kuwa mahali pazuri kuliko lolote unalolijua Dar, maana kule Kanda ya Ziwa Victoria wenzako wanapigania nafasi kwenye darasa la watoto zaidi ya mia.

Fedha nazo huziona kwenye ubao wa matangazo, na hapo ukifika usione haya kusimama usome. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na katika mwongozo wake 6,000 ndizo zinazokwenda shuleni, 4,000 ni za vitabu. Shule ya watoto 150 inapata 900,000 kwa mwaka, yaani 75,000 kwa mwezi: chaki, mitihani, ukarabati wa mlango, mpira. Usishangae basi kuombwa mchango wa mahindi na maharage. Binafsi naiona shule inayoandika mapato na matumizi yake ubaoni, yakiwa ya mwezi huu na si ya mwaka juzi, kuwa nusu ya njia imeshafika.

Wa darasa la sita atakupeleka kwenye takwimu za sekondari hivi karibuni, na hapa pana mtego mkubwa zaidi. Kidato cha nne, daraja la nne nalo linahesabiwa kufaulu. Alama zinapangwa kwa masomo saba. Pointi 26 hadi 33 ni daraja la nne, na 33 inapatikana kwa D mbili tu na F tano. D inaanzia alama 30. Yaani mtoto aliyepata 30 katika Kiswahili, 30 katika Uraia na akaanguka mengine yote yumo ndani ya asilimia ya ufaulu wa shule. Chukua mfano wa sekondari ya kata yenye watahiniwa 60: daraja la kwanza 2, la pili 6, la tatu 9, la nne 30, sifuri 13. Ufaulu ni asilimia 78. Wenye daraja la kwanza hadi la tatu, ambao ndio wana matumaini ya kidato cha tano, ni asilimia 28. Wewe soma hiyo 28. Na mwisho wa ukurasa kuna jedwali la masomo: ukikuta Fizikia wamesajiliwa watoto sita kati ya 60, usiseme watoto hawapendi sayansi, uliza kama kuna mwalimu wa Fizikia. GPA iliyo pale, yaani wastani wa pointi za somo, ndogo ndiyo nzuri. Hisabati ikisoma 4.8, karibu wote wana F. Vituo vya mtihani ambavyo namba zake zinaanza na herufi P viruke, ni vya watahiniwa wa kujitegemea.

Kuna jambo la kalenda ambalo linamhusu mwanao moja kwa moja. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Waliokuwa la tatu mwaka ule sasa wako la tano, na watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita, 2027. Mwanao aliye la sita mwaka huu yuko kundi la zamani, atamaliza la saba mwaka huo huo wa 2027. Makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza Januari 2028 kwa pamoja. Kwa hiyo ukiwa unachagua kata, uliza sekondari yake ina madarasa mangapi ya kidato cha kwanza leo, na kama kuna mengine yanajengwa. Uliza pia kama ina bweni, maana kutoka kijiji cha mwambao hadi sekondari si mwendo wa kwenda na kurudi kila siku kwa mtoto. Baadhi ya vijiji vya Makonde na Lumbila kwa miaka mingi vimefikiwa kwa boti kuliko kwa barabara. Yule wa darasa la tatu ni wa mtaala mpya mwanzo mwisho, atamaliza darasa la sita 2029, hana msongamano huo.

Ukishachuja ukabaki na shule mbili au tatu, mpigie Afisa Elimu Kata, umwombe namba ya mwalimu mkuu. Jitambulishe kwamba ni muuguzi unayehamia; mlango utafunguka, maana nao wanakusubiri kituoni. Usiulize ufaulu, umeshauona. Uliza darasa la kwanza na la pili wanafundishwa na nani. Mwalimu mkuu makini huweka pale mwalimu wake bora, kwa sababu asiyejua kusoma darasa la pili hatajua chochote la saba. Asiye makini huweka pale anayejitolea aliyekuja juzi, na walimu wenye uzoefu wote hukusanywa la saba kusaka matokeo. Uliza mwaka huu wamepokea walimu wangapi na wameondoka wangapi. Uliza watoto wanakula mchana au wanarudi nyumbani. Vyoo, kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Akikutajia bila kutafuta karatasi, ni dalili njema. Na mwisho, kwa upole: watoto wa walimu wanasoma hapo? Kama walimu wa shule hiyo wamewapeleka watoto wao Njombe mjini, sina la kuongeza.

Kati ya vituo vyako viwili mimi naelekea milimani, isipokuwa hesabu ya vichwa ikatae. Si kwamba shule za ziwani ni mbovu. Ni kwamba ukikuta moja imeharibika, ya pili iko mbali. Upande wa Mlangali na Lugarawa vijiji vimekaribiana zaidi, una pa kukimbilia.

Watoto wenyewe sasa. Wa darasa la tatu mchukue bila wasiwasi. Atashangaa wiki mbili tatu, kisha atakuwa anakurekebisha Kiswahili chako. Wa darasa la sita ndiye wa kufikiria. Atafanya mtihani kwa Kiswahili, na hesabu alizozijua kwa lugha nyingine zitamjia na majina mapya: KDS na KKS (kigawe kidogo na kigawo kikubwa cha shirika), mzingo, nusukipenyo, na kwenye Sayansi usanisinuru na mmeng'enyo wa chakula. Anazijua zote, hajui tu kama anazijua. Nunua vitabu vya Kiswahili vya darasa la tano na la sita sasa, asome vichwa vya sura na maneno mapya kila jioni. Ama umhamishe likizo hii ya Juni apate mwaka na ushee wa kuzoea, ama umwache kwa shangazi amalize la saba hapo hapo Dar. Kumhamisha akiwa darasa la saba usithubutu. Usajili wa mtihani ukishafungwa, huna la kufanya.

Na uhamisho uanzie kwa mwalimu mkuu wa shule ya sasa, kupitia namba ya PReM ya kila mtoto, yaani namba yake kwenye mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi. Hiyo namba iandike uwe nayo mwenyewe. Shule binafsi inayodai ada ya muhula huweza kuchelewesha, kwa hiyo maliza deni mapema. Barua ya karatasi yenye muhuri haimhamishi mtoto kwenye mfumo. Ukifika Ludewa, mwombe mwalimu mkuu mpya akuonyeshe jina la kila mtoto limeshaingia pale kabla hujanunua sare.